Simba Amefungwa kwa Kosa Gani?

Maswali ya wasomaji kuhusu bustani za wanyama. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, aliyefundisha sekondari katika bonde la Kilombero.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la tano. Shule yao iliwapeleka kuona wanyama bustanini. Nililipa nauli na kiingilio, nikamfungia chapati na maji ya kunywa. Jioni alirudi amenuna. Nilipombana akaniuliza, "Mama, simba amefungwa kwa kosa gani?" Nilikosa jibu. Hivi tunawafundisha nini watoto tunapowapeleka kumtazama mnyama aliyefungiwa? — *Mama wa Mbagala, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba, mama. Mpongeze huyo mtoto, maana ameuliza jambo ambalo watu wazima wengi tumelipita kimya. Simba hana kosa. Mwambie hivyo hivyo, usizunguke. Akishalielewa hilo atakuletea swali la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza: kama hana kosa, yuko pale kwa faida ya nani?

Inategemea alifikaje. Kuna mnyama aliyeokotwa akiwa mchanga kando ya mzoga wa mama yake. Kuna aliyenyang'anywa mtu aliyekuwa akimfuga kinyume cha sheria. Kuna aliyezaliwa humo humo bustanini, na mama yake naye alizaliwa humo. Na kuna aliyenaswa porini akiwa mzima, akauzwa. Kituo cha Entebbe, Uganda, kilianza mwaka 1952 kwa kupokea wanyama yatima na majeruhi. Cha Nairobi kilifunguliwa miaka ya 1960 kwa kazi hiyo hiyo. Mtoto wa simba aliyelelewa kwa chupa ya maziwa hajafundishwa kuwinda wala hamwogopi binadamu. Ukimfungulia tu mlango aende porini, ama atakufa kwa njaa ama ataingia kijijini. Kwa huyo, uzio ni ulinzi.

Wa mwisho, yule aliyenaswa na kuuzwa, sina neno la kumtetea aliyemuuza. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo, walipakiwa kwenye ndege katika uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Habari ile ilifika mpaka bungeni, na wengi wetu bado inatuuma. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Kwa hiyo nenda tena na mwanao, lakini safari hii mwulizeni mhudumu: huyu simba alitoka wapi? Amezaa? Watoto wake wako wapi? Mhudumu anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Akibabaika, nayo ni habari.

Kisha mtazameni simba mwenyewe. Watoto husikitika wakimkuta amelala, na wengine humrushia mawe ili angurume. Simba kulala mchana si huzuni. Hata Serengeti hupumzika sehemu kubwa ya siku, pengine saa 20 kati ya 24. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni simba anayekwenda na kurudi kandokando ya uzio kwa njia ile ile, hatua zile zile, mpaka majani yamekufa na ardhi imekuwa ngumu. Huyo akili yake inateseka. Anahitaji nafasi zaidi, vichaka vya kujificha, na kazi ya kufanya, kwa mfano kutafuta nyama iliyofichwa badala ya kutupiwa.

Ziara nyingi za shule huniudhi kwa kitu kimoja: haraka. Watoto hukimbizwa kutoka banda hadi banda, picha, kisha bembea, kisha basi. Nilipokuwa nafundisha, kila kundi lilichagua mnyama mmoja likakaa mbele yake nusu saa, daftari mkononi. Dakika za mwanzo ni kelele na malalamiko. Baadaye wanaanza kuona. Msichana mmoja aliyekaa mbele ya nyani aliandika nani anamchambua nani manyoya, akagundua kwamba mama mwenye mtoto mchanga ndiye aliyekuwa akifuatwa na wengi. Kitabuni kwetu hakikuwemo hicho, na ni kweli kabisa.

Swali: Mwalimu, mimi ni mkulima wa mpunga huku Mlimba. Tunasikia kwamba vyura wa Kihansi walipandishwa ndege kwenda Marekani, na kwamba wamewekewa mabomba ya kuwanyunyizia maji usiku na mchana. Wakati huo huo sisi tulikaa miaka na vibatari huku nyaya za umeme zikipita juu ya paa zetu. Ni kweli? Na kama ni kweli, ilikuwa haki? — *Mkulima, Mlimba*

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu, walipanda ndege. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu habari hii ni ya kwenu na nadhani hamkusimuliwa inavyostahili.

Mto Kihansi unashuka kutoka nyanda za Udzungwa kuja bondeni kwenu, na kupitia korongo lile unaporomoka zaidi ya mita 800. Anguko hilo ndilo lililowavuta wahandisi. Maji yaliyogonga miamba yalitoa manyunyu mwaka mzima, masika na kiangazi, na chini ya manyunyu hayo palikuwa na vipande vya majani mabichi yasiyowahi kukauka. Ukivijumlisha vyote ni kiasi cha hekta 2, yaani ekari 5 hivi. Wewe ni mkulima. Eneo hilo unaweza kulipima kwa macho.

Mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umeshaanza, watafiti waliokuwa wakichunguza mazingira ya korongo walikuta humo chura wa njano ambaye sayansi haikumjua. Jike lililokomaa halifiki sentimita 3, na dume halifiki 2. Hatagi mayai majini kama vyura wa majarubani kwako. Huzaa watoto walio hai, kila mmoja kiasi cha milimita 5, tayari na miguu yake minne. Ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba hivi kwamba watoto huonekana ndani kabla hawajazaliwa. Mwaka 1999 Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walimtangaza rasmi kwa jina la *Nectophrynoides asperginis*. Dunia nzima hapakupatikana mahali pengine anapoishi, ila kwenye ekari zile.

Mwaka uliofuata mitambo ya megawati 180 ilikuwa ikifanya kazi, na zaidi ya asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita korongoni yakaelekezwa kwenye handaki la mitambo. Manyunyu yakakatika. Majani yakaanza kunyauka, vyura wakajibana kwenye sehemu chache zilizobaki na unyevu.

Hapo yakafanywa mambo mawili. La kwanza ni hayo mabomba uliyoyasikia: maji huchukuliwa juu, hushuka kwa mteremko bila pampu, na kutokea kwenye vinyunyizio vidogo juu ya maeneo yale. La pili ni ndege. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wakagawanywa, hata zikawa bustani sita za Marekani.

Watu wengi hudhani ukishamfikisha mnyama bustanini umemwokoa. Sivyo. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua kumtunza chura huyu, na vyura wakaanza kufa. Walikuwa na minyoo ya mapafu. Mwanga wa taa haukuwafaa. Chakula hakikuwatosheleza. Bustani moja baada ya nyingine ikashindwa, na kufikia Desemba 2004 walikuwa hawafiki 70, katika bustani mbili tu za Marekani, ya Bronx na ya Toledo.

Huku nyumbani mambo yalikuwa yameanza kwenda vizuri, kisha yakaharibika kwa ghafla. Vinyunyizio vilirudisha majani, na Juni 2003 vyura wa korongoni walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye wakaporomoka. Kwenye miili ya waliokufa alikutwa kuvu aitwaye kitridi, ambaye hushambulia ngozi ya vyura na amewaangamiza vyura katika mabara mengi. Januari 2004 walioonekana korongoni walikuwa 3. Hatimaye hawakuonekana tena, na mwaka 2009 shirika la uhifadhi la IUCN likawatangaza kuwa wametoweka porini.

Ziweke tarehe hizo pamoja, ndugu yangu. Mwaka 2004 kiumbe ambaye Mungu alimweka kwenye korongo la Kihansi peke yake alikuwa amebaki katika visanduku vya kioo vya miji miwili ya ugenini. Watunzaji wa Bronx na Toledo wangesema "tumeshindwa", kama walivyosema wenzao, mimi nisingekuwa na la kukuandikia. Hawakusema hivyo. Walibadilisha taa, wakachuja maji, wakatibu minyoo, wakafuga wadudu wadogo wa kuwalisha, inzi wa matunda na vitoto vya nyenje, wakaandika kila kifo na sababu yake. Kidogo kidogo vyura wakaanza kuzaa, mamia, kisha maelfu.

Bibi yangu alikuwa akifunga vibunzi vya mahindi juu ya meko, moshi uvikinge na wadudu mpaka msimu wa kupanda. Bustani nzuri ya wanyama ni hiyo dari ya jikoni. Vibunzi vikikaa pale miaka yote bila kushuka kwenda shambani, au shamba lenyewe likiuzwa, hiyo mbegu imetunzwa kwa ajili gani? Kwa hiyo mimi bustani yoyote ya wanyama naipima kwa kinachotoka getini kwenda nje. Wanaoingia kutazama ni wengi kila mahali.

Na hawa walitoka. Agosti 2010 vyura 100 walirudi kwa ndege hadi Dar es Salaam, wakawekwa katika kituo kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Watanzania waliopata mafunzo ndio waliowatunza. Nilipata ruhusa ya kuwaona. Unavua viatu, unavaa buti za pale pale, unapita kwenye dawa, huruhusiwi kugusa kitu. Kisha unasimama mbele ya kioo chenye ukungu na huoni chochote. Mtunzaji, kijana mpole sana, aliniambia, "Subiri, mama, usitafute chura, tafuta macho." Nikatafuta macho. Mmoja akatokea juu ya jani, wa njano kabisa, anayeweza kukaa kwenye ukucha wangu wa dole gumba na nafasi ikabaki. Nililia, sioni aibu kusema. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa bonde lile kwa miaka mingi, na yule alikuwa mwenyeji wa bonde lile.

Mwishoni mwa mwaka 2012 vyura 2,000 hivi waliachiwa korongoni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa jamii ya vyura iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake. Lakini usidhani kazi imekwisha. Kuvu yule hatokomezwi kirahisi, vinyunyizio vinahitaji kutunzwa kila siku, na kituo cha kuzalisha vyura lazima kiendelee kuwepo nyuma yao. Ndiyo sababu wanaoingia korongoni husafisha buti kwa dawa.

Sasa haki. Umeme wenu haukuliwa na chura. Mto ule kwa wastani hupitisha mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde, na kinachoachwa kipite korongoni ni kama 1.5 mpaka 2. Nyaya kupita juu ya paa zenu bila kushuka ulikuwa uamuzi wa watu kuhusu nguzo, transfoma na fedha. Mliokuwa na haki ya kuwadai ni watu hao, na mlikuwa na haki kweli.

Lakini liko jambo moja ambalo nalidai pamoja nanyi. Tangu Novemba 2005 mtoto wa Toledo, katika jimbo la Ohio, amekuwa na uwezo wa kusimama na wazazi wake mbele ya kioo na kumwona chura wa Kihansi. Mtoto wa Mlimba anamjua kwa masimulizi, na mara nyingi kwa masimulizi ya kukejeli, "chura aliyekula umeme wetu." Hii si sawa. Sisemi kila mtu aingie korongoni, kwa sababu ya kuvu. Nasema hivi: chumba kimoja chenye kioo, Mlimba au Ifakara, chenye vyura wachache, mtunzaji mmoja wa kuwaeleza wanafunzi, na picha za korongo ukutani. Fedha zilizotumika kumwokoa chura huyu zilikuwa nyingi. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo ingetosha kuwafanya majirani zake wamwone kuwa ni wao. Nimeshaandika barua kwa wahusika kuomba hilo na nitaandika tena. Nakuomba na wewe uliseme kwenye mkutano wa kijiji.

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat. Wenyeji hapa wanajivunia mnyama mweupe mwenye pembe ndefu, wanamwita al-maha. Nimeambiwa alikwisha kabisa akarudishwa kutoka Marekani. Ni kweli, na sasa yuko salama? — *Msomaji, Muscat*

Jibu: Waalaykum salaam. Ni kweli. Huyo ni choroa wa Uarabuni, jamaa wa choroa wetu wa Mkomazi na kaskazini mwa Kenya. Bunduki na magari ya jangwani vilimmaliza. Inaaminika wa mwisho porini waliuawa mwaka 1972, huko huko Oman, katika uwanda wa Jiddat al-Harasis.

Bahati ni kwamba watu walikuwa wameliona likija miaka kumi kabla. Mwaka 1962 msafara ulikwenda kunasa wachache waliosalia katika himaya ya Aden, ambayo leo ni sehemu ya Yemen, na kutoka hapo kikakusanywa kikundi cha choroa 9: watatu wa msafara ule, mmoja wa bustani ya London, mmoja kutoka Kuwait na wanne waliotolewa na Mfalme wa Saudia. Walipelekwa bustani ya Phoenix, Arizona, kwa sababu joto na ukavu wa kule unafanana na wa kwao. Wakazaana. Mwaka 1980 wa kwanza walirudi Oman, na Januari 1982 waliachiwa uwandani, wakilindwa na Waharasis, wenyeji wa uwanda huo, ambao wanajua kusoma nyayo jangwani kuliko mtaalamu yeyote. Kufikia 1996 walikuwa kama 400.

Halafu wakaanza kuibwa. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu linahusu maswali yote ya ukurasa huu. Wezi wale walitaka choroa wazima, hasa majike na ndama, wa kuwauzia matajiri wenye bustani zao za faragha nje ya Oman. Mnyama aliyeokolewa na bustani akaanza kumalizwa na tamaa ya bustani. Kundi likaanguka vibaya. Mwaka 2007 hifadhi yao ikafutwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ya kwanza kabisa kufutwa, baada ya eneo lake kupunguzwa kwa asilimia 90.

Lakini mbegu ilikuwa imeshasambazwa nchi nyingine, na mwaka 2011 IUCN ilimtoa choroa huyu katika daraja la walio hatarini kutoweka na kumweka daraja nafuu kidogo. Salama kamili bado. Ukipata nafasi ya kwenda kumwona, nenda, na watoto uwaambie kwamba babu wa huyo mnyama aliishi Arizona.

Swali: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Nanyuki. Kifaru Sudan alikuwa hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na kwetu. Mbona alikuja kwa ndege kutoka Ulaya, ilhali vifaru weupe ni wa Afrika? — *Mwanafunzi, Nanyuki*

Jibu: Mjukuu wangu, Sudan alizaliwa Afrika. Alinaswa mwaka 1975 akiwa mdogo, huko Shambe, sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini, akapelekwa bustani ya Dvůr Králové katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Cheki. Alipokuwa huko, wenzake wote wa porini, yaani vifaru weupe wa kaskazini, waliuawa kwa sababu ya pembe. Desemba 2009 bustani ile iliwaleta vifaru wanne Ol Pejeta: Sudan, Suni, Najin na Fatu. Walitumaini kwamba hewa, majani na nafasi vya nyumbani vingewasaidia kuzaa. Havikuwasaidia. Suni alikufa mwaka 2014, na Sudan tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45.

Wamebaki Najin na binti yake Fatu, wote wawili wamezaliwa bustanini, na wote wawili hawawezi kubeba mimba. Tangu Agosti 2019 madaktari wamekuwa wakichukua mayai, siku hizi ya Fatu peke yake, na kuyaunganisha maabara na mbegu za madume zilizohifadhiwa kwenye baridi kali. Mimba changa zinazopatikana huhifadhiwa ili zipandikizwe kwa majike wa vifaru weupe wa kusini, ambao ni ndugu zao. Ukiwa unapenda sayansi, soma sana baiolojia na kemia. Kazi hii haitakwisha kabla hujamaliza chuo.

Swali: Nimeokota mtoto wa tumbili barabarani, mama yake amegongwa na gari. Ndugu zangu wanasema nimfuge. Naruhusiwa? — *Kijana, Tanga*

Jibu: Huruhusiwi, kijana. Wanyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumfuga bila kibali ni kosa hata kama nia yako ni njema. Mpeleke leo kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Usimpe maziwa ya ng'ombe kwa wingi, mfunike apate joto, na usiwaruhusu watoto wamchezee, maana tumbili anaweza kuwaambukiza magonjwa na wao wakamwambukiza yeye. Anapendeza sasa kwa sababu ni mchanga. Akikomaa atauma, utamfunga kamba kiunoni, na maisha yake yote yataishia kwenye mti wa uani.

Swali: Mwalimu mwenzangu, nafundisha shule ya msingi Mwanza. Nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu kukaa na mnyama mmoja nusu saa. Hatuna fedha za kwenda Serengeti wala Dar es Salaam. Tuanzie wapi? — *Mwalimu, Mwanza*

Jibu: Mnacho kisiwa mbele ya macho yenu, mwalimu. Saanane ilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza ya serikali nchini, kwa kusudi la kuwapa watu wa kando ya Ziwa elimu ya uhifadhi. Imepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo sana, ya kilomita za mraba 2 na kidogo. Swala pala wanatembea wenyewe, tumbili nao, na mawe yake makubwa yana wakazi wengi kuliko yanavyoonekana kwa mbali.

Boti huondokea upande wa Capri Point, na majini ni dakika chache. Andika barua mapema kwa ofisi ya hifadhi, omba askari mmoja wa kuwatembeza, na usikubali mtoto yeyote apande bila boya la kuokolea. Nenda asubuhi, kabla mawe hayajawaka.

Wagawe makundi mawili. Kundi la kwanza likae na mijusi wa kwenye mawe, wale ambao dume ana kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu. Jina lao la kisayansi, *Agama mwanzae*, limetokana na mji wenu. Waandike dume anatikisa kichwa mara ngapi, na mbele ya nani. Kundi la pili likae na pimbi. Waangalie yupi analinda wengine wakiota jua, na hufanya nini mwewe akipita. Waangalie na nyayo zake wakibahatika kuwa karibu: ana kucha au kwato? Wabishane kwanza, waandike, kila mtu na sababu yake. Baada ya hapo ndipo uwaambie kwamba jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva. Kutakuwa na kelele nyingi na hakuna atakayekuamini. Waache wabishe mpaka mfike shuleni, kisha uwape vitabu. Michoro yao nitumieni kupitia ofisi ya gazeti, na mizuri nitaomba ichapishwe katika ukurasa huu.